Mamako asitie sahihi Ijumaa

Mdogo wangu uliyeandika kuhusu mamako aliyegongwa na matatu Bamburi Jumapili: ile karatasi ya kumalizana anayoleta mwenye gari, usitie sahihi. Mamako asitie, babako asitie, nawe usikubali kuandikwa shahidi. Umeuliza mambo manne: kama 60,000 anazotoa mwenye gari zinatosha, kama mama atalaumiwa kwa kuwa hakuvukia kwenye zebra, wapi atafanyiwa mazoezi ya mguu kwa bei nafuu, na nani wa kuandikiwa ili pale pawekwe matuta. Yote nimeyasoma, lakini nimekwama pale uliposema, "Anataka karatasi iwe tayari Ijumaa." Nimesoma hayo maneno mkono ukanitetemeka, kwa sababu mie pia nilipewa siku.

Ilikuwa Machi 2019, baada ya magharibi. Natoka sokoni Kongowea na kikapu cha nyanya, nimeshuka Bombolulu. Barabarani hata sikuwemo. Nilikuwa kando, kwenye mchanga tunapopita sote, na matatu ikakwepa foleni kwa kushoto ikanifuata huko huko. Muundi ukavunjika. Makanga ndiye aliyenipakia kwenye tuktuk, akalipa na nauli, na mie nikamwombea dua. Hospitali nikapigwa picha, nikafungwa plasta, nikarudishwa nyumbani.

Siku ya tano akaja mwanamume wa makamo, shati la mikono mirefu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, ameongozana na mzee mmoja jirani yetu ambaye mtaa mzima tunamheshimu. Alipiga hodi kwa adabu. Alileta maziwa na mkate. Akasema yeye ni wa bima, ametumwa kunipa pole na kunimalizia shida yangu. Akasema kesi za ajali hukaa mahakamani miaka kumi, na zikiisha wakili hubeba zote. Akasema dereva ni kijana ana watoto wadogo, tumalizane kibinadamu. Mzee jirani akaitikia, "Sikiliza mwanangu, suluhu ni bora." Karatasi zilikuwa mbili, kwa Kiingereza cha kisheria. Nikatia sahihi, na dole gumba kando yake. Shilingi 35,000 zikaingia M-Pesa kabla hajavaa viatu.

Najua wapo watakaoandika hapo chini, "Mtu mzima watiaje sahihi usichokisoma?" Lala wewe siku tano mguu mzito kama gogo, kodi ya nyumba imefika, watoto wanakutazama usoni, kisha mtu akuwekee 35,000 mbele yako. Ukimaliza hapo, njoo unifundishe kusoma.

Wiki ya kumi na moja plasta ikatolewa. Mguu umepinda. Daktari akatazama picha mpya, akanyamaza, akaniambia mfupa haukuunga sawa. Lazima ufunguliwe, unyooshwe, uwekwe chuma, na baadaye chuma chenyewe kitolewe. Operesheni ya kwanza peke yake ilinitoka 118,000. Niliuza bangili mbili alizoniachia marehemu mamangu. Dada zangu wakachangisha kwenye kikundi cha harusi, kile kile cha kuchangia vitenge. Nikampigia simu yule bwana. Akaniambia, "Mama, faili yako ilishafungwa," akakata. Tangu siku hiyo sijampata tena.

Ndipo nikaenda kwa wakili, na zile karatasi mkononi. Alizisoma kimya akanitafsiria mstari mmoja: nimepokea malipo kamili na ya mwisho, na sitadai chochote tena kutokana na ajali hii, kinachojulikana sasa au kitakachojitokeza baadaye. *Kitakachojitokeza baadaye.* Yule mtu alijua kwamba siku ya tano hakuna daktari duniani anayeweza kusema mfupa utaunga vipi. Ndiyo maana alikuja siku ya tano. Wakili akanieleza kwamba karatasi ya namna hiyo ni mkataba, na kuivunja lazima nithibitishe nilidanganywa au nililazimishwa. Shahidi wangu ni nani? Yule mzee, ambaye naye aliamini kila neno, na ambaye kufikia hapo alikuwa amehamia kwa mwanawe Voi.

Wa bima pia hakuwa. Kampuni ya bima haikuwa na habari kuwa kuna mtu amegongwa. Alikuwa mtu wa mwenye gari. Fikiri kwa nini walikimbilia kwangu upesi hivyo: ajali ikifika polisi, matatu inazuiliwa ikakaguliwe, siku hizo haifanyi kazi, na dereva anaweza kushtakiwa. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva aliyemuumiza mtu asimame, na aripoti polisi ndani ya saa 24. Huyu hakuripoti, na mie nikamsaidia kunyamaza kwa mkate na maziwa. Inaniuma mpaka leo. Aliyenigonga alikuwa na haraka zake, lakini huyu alikaa kitako kwenye mkeka wangu, akamwangalia mwanangu, akaniibia kwa sauti ya upole.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yote yasubiri: hakuna sahihi mpaka daktari aandike kwamba mguu umefikia mwisho wake wa kupona, na kama kuna operesheni nyingine mbele, aitaje na gharama yake. Ukiulizwa mbona wachelewesha, jibu ni kwamba dai la mtu aliyeumia hupimwa kwa jeraha, na jeraha la mamako bado halijulikani. Mahakama hutazama mifupa iliyovunjika, ulemavu uliobaki, na kesi za nyuma zilizofanana na hiyo, ndipo hupanga fidia. Gharama ya operesheni ijayo isipotajwa tangu mwanzo kwenye madai, usitarajie kuongezewa mwishoni. Na pesa mlizokwisha kutumia huhesabiwa kwa risiti. Ya dawa, ya picha, ya tuktuk za kliniki, ya magongo, zote tieni kwenye mfuko mmoja. Mie za kwangu nusu nilizifungia bizari.

Umeuliza kama 60,000 zinatosha. Sikiliza: kila gari linalotembea barabarani Kenya linatakiwa na sheria, Sura ya 405, liwe na bima ya mtu wa tatu, na mtembea kwa miguu aliyegongwa ndiye huyo mtu wa tatu hasa. Bima hiyo inaweza kulipa hadi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Sisemi mamako atapata hizo; mguu mmoja uliovunjika haufiki huko. Nasema mwenye gari anapokutajia 60,000 anakuonyesha mfuko wake ili usiutazame ule wa bima.

Na haraka hamna. Mna miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi. Lingekuwa gari la serikali ningekwambia kimbia, kwa sababu hapo ni miezi 12 tu. Matatu ni miaka 3. Hiyo Ijumaa ni yake, si yenu.

Akisema anataka tu kusaidia, mwache asaidie. Aende akalipe bili hospitalini, kwenye dirisha la malipo, na risiti mkae nayo. Mtu mwenye nia njema hatadai sahihi ya mgonjwa ndipo amnunulie dawa.

Kesho asubuhi nenda kituo cha polisi cha eneo ilipotokea ajali, ukiwa na nambari ya gari. Hakikisha imeandikwa, uchukue nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, uombe P3, fomu ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari, na ufuatilie abstrakti, yaani muhtasari wa polisi kuhusu ajali. Kwenye abstrakti ndimo mtaona kampuni ya bima na nambari ya sera. Mwenye gari halisi mtamjua kwa kutafuta rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, maana anayejiita mwenye gari mara nyingi ni meneja tu, au shemeji yake. Mpige picha mama akiwa na plasta, piga na pale mahali, na watafute wale wauza matunda waliokuwepo kabla hawajasahau. Mie nilifika polisi baada ya miezi minne, na afisa akaniuliza, kwa haki kabisa, nilikuwa wapi siku zote hizo.

Kuhusu zebra, kutovukia hapo hakumnyimi haki. Mahakama inaweza kugawa lawama, labda mama abebe sehemu na dereva sehemu, fidia ikapungua kwa kiasi hicho. Wakikutisha kwamba "alivuka vibaya, hamtapata hata senti", hiyo ni ndugu ya "kesi hukaa miaka kumi". Barabara zetu zinaua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka nchini, na kundi kubwa kuliko yote ni sisi tunaotembea kwa miguu. Hatufi wote kwa kutojua kuvuka.

Wakili mtafuteni wenyewe. Anayekuja wodini kugawa kadi ni broka, na wakili haruhusiwi kuwinda wateja hivyo. Hakikisheni kwa Chama cha Mawakili kwamba ana leseni ya mwaka huu, na ada yake iandikwe. Kama pesa hamna, Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi hapa Mombasa; nendeni mkawasikilize kabla ya kusema hamuwezi.

Ijumaa akija, mkaribisheni, apewe maji. Karatasi aiache mezani, mseme mtaisoma na wakili. Uone kama ataiacha. Na kama kuna mzee wa mtaa atakayeongozana naye, nenda wewe kwa huyo mzee leo usiku, kabla yake.

Nijibu hapa: nambari ya gari mnayo?