Maswali ya Wasomaji: Mama Anahama Ngamiani

SWALI: Assalamu alaikum. Mama yetu ana miaka 74 na anaishi peke yake Ngamiani, hapa Tanga, katika nyumba ya vyumba sita aliyoijenga marehemu baba. Mwaka huu ameanguka mara mbili uani usiku akienda chooni. Sisi watoto wake watano tumeshauriana ahamie nyumba ya vyumba viwili huko Kange, karibu na kaka yetu mkubwa. Mwenyewe amekubali, lakini kila tukianza kufunga vyombo husema tusubiri kidogo, na juzi alilia tulipotaka kumpa jirani kabati la zamani ambalo hata mlango wake haufungi. Baadhi ya ndugu zangu wanaona tumpeleke Dar es Salaam kwa dada kwa wiki mbili, sisi tuhamishe kila kitu, akirudi aikute nyumba mpya imekwisha kupangwa. Je, ni vyema? Na nyumba ya Ngamiani tuiuze?
Binti wa tatu, Tanga

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Nianze na lile lisilongoja: msimpeleke mama Dar es Salaam kwa nia hiyo. Najua ndugu zako wanataka kumwepushia uchungu, lakini mtu mzima aliyeshika funguo za nyumba yake miaka yote hiyo, akirudi akute vitu vyake vimepekuliwa na kuchaguliwa bila yeye kuwapo, kila asichokiona atadhani kimetupwa, hata kama kimo kabatini. Mtakuwa mmempunguzia siku chache za machozi na kumwongezea miaka ya shaka juu ya wanawe. Mama ndiye anayehama, nanyi ni wasaidizi wake, kwa hiyo neno la mwisho juu ya kila kitu chake liwe lake, hata pale mnapoona anachelewa.

Kuhusu kabati, nadhani mlianzia mahali pagumu kuliko pote. Anzeni na vitu visivyo na kumbukumbu: ndoo zilizotoboka, makopo, magodoro yaliyolika, vipande vya mabati nyuma ya jiko, dawa zilizopita muda wake. Fanyeni kazi hiyo asubuhi baada ya chai, kwa muda mfupi, na adhuhuri ikiingia muache. Chumba kimoja kikimalizika bila ugomvi, mama atapata imani ya kuwakabidhi cha pili. Kabati, kasha na sanduku la kanga viwe vya mwisho kabisa, na hapo msimuulize kama anakihitaji kitu fulani. Muulizeni kilitoka wapi, kisha mkae msikilize. Mara nyingi mzee akishasimulia habari ya kitu, yeye mwenyewe humtaja anayestahili kukichukua.

Nyumba nyingi za mwambao zina pia masufuria makubwa ya shughuli, masinia na mikeka ambayo mtaa mzima huja kuazima panapokuwa na harusi au hitima. Vitu hivyo havitaenea katika vyumba viwili, wala si haki kumwachia mama kazi ya kuvitunza. Lakini msiviuze kwa mpita njia. Mama na achague kikundi cha akina mama au msikiti wa kukabidhi, ili viendelee kutumika pale pale Ngamiani na watu wajue vilikuwa vya nani. Misahafu na juzuu zilizochakaa mpelekeeni imamu, naye atajua namna ya kuzihifadhi kwa heshima.

Vya kwenda Kange vipimwe kwanza. Chukueni futi, mpime milango na vyumba vya nyumba mpya kabla ya kuita kirikuu, kwa sababu kitanda cha besera au kabati la vyombo likikwama mlangoni siku yenyewe, mama atalazimika kuamua mbele ya wapagazi jambo ambalo angeliamua kwa utulivu wiki moja kabla. Kitanda chake kikienea, kipelekeni hata kama kinakula nusu ya chumba, na mkitege upande uleule kwa mlango kama kilivyokuwa, maana usiku mguu hufuata mazoea. Nyaraka zote, yaani kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki, cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha baba na karatasi za nyumba, zitiwe katika mkoba mmoja aushike mwenyewe. Na kama mnaweza, msihame wakati wa masika.

Sasa hiyo nyumba mpya. Mmemtoa uani kwa kuhofia kuanguka, nanyi mna haki, kwani Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu waliopita miaka 60 ndio wanaokufa zaidi kwa kuanguka. Lakini choo cha ndani chenye vigae kinaweza kuwa na hatari kuliko ua wa udongo. Mama anatawadha mara kadhaa kwa siku, na kigae kikilowa huteleza. Fundi afunge vyuma vya kushikia ukutani kando ya choo na mahali pa kuogea, kiwekwe kigoda kizito cha kukalia wakati wa udhu, na vikaratasi, zulia dogo na nyaya viondolewe njiani kati ya kitanda na choo. Taa ndogo ya sola iwe karibu na mto, kwa kuwa umeme ukikatika usiku ndipo mtu hupapasa ukuta. Haya yafanyike kabla hajalala humo usiku wa kwanza.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni jambo ambalo hukulitaja. Ngamiani mama ana baraza. Wapo wanaompitia wakitoka Soko la Mgandini, yupo wa kumletea samaki, lipo darasa lake la alasiri, labda na mchezo wa kuchangiana na majirani. Kange atakuwa na mtoto wake karibu, lakini kaka yako anatoka asubuhi na kurudi jioni. Tangu saa mbili mpaka saa kumi na moja mama ataongea na nani? Kabla ya kuhama, mpelekeni Kange mara kadhaa, akae, anywe kahawa na majirani, ajue msikiti ulipo na duka la dawa lilipo. Wekeni siku maalumu katika wiki ya bajaji ya kumrudisha Ngamiani kwa wenzake, na gharama yake mwichange kama mnavyochanga chakula. Siku ya kuhama, mwombeni shoga yake mmoja wa zamani alale naye. Baada ya hapo mpelekeni kwa balozi na mwenyekiti wa mtaa mpya, atambulike. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na zaidi, na inaelekeza wasio na uwezo watibiwe bila malipo, lakini utambulisho huanzia serikali ya mtaa anaoishi.

Jambo la kugawa vitu lina mtego. Mama akisema "hili la fulani" na kitu kikabaki ndani, baada yake kitakuwa mali ya mirathi na chanzo cha ugomvi. Hiba hukamilika kwa kukabidhiwa, kwa hiyo kila anachotoa kitolewe mbele yenu nyote na kichukuliwe siku hiyo, naye akumbushwe kwa upole kuwafanyia uadilifu watoto wake. Asiandike wasia wa kumwachia mmoja wenu, kwa sababu katika sheria ya Kiislamu wasia hauzidi theluthi ya mali, wala haumpi mrithi isipokuwa warithi wengine wakiridhia.

Nyumba msiiuze sasa. Umesema aliijenga marehemu baba, na hukusema kama mirathi yake ilifunguliwa. Kama haikufunguliwa, hakuna hata mmoja kati yenu mwenye mamlaka ya kuuza, awe mama au kaka mkubwa, mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Mjane mwenye watoto ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, na inayobaki huwaendea warithi wengine kwa mafungu yao. Fungueni mirathi, kisha kwa makubaliano mpangishe vyumba, na kodi imlipie mama msichana wa kumsaidia. Mkataba uwe wa maandishi na ueleze nani anabeba kodi ya jengo, kwa sababu tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU, na mpangaji anayenunua umeme ndiye anayejikuta akiilipa.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 69, naishi Makorora na mke wangu. Mwanangu anajenga Bagamoyo na anataka tuuze nyumba yetu, fedha zimalizie ujenzi, kisha tuhamie kwake. Ni mtoto mwema. Nifanyeje?
Mzee wa Makorora

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Wema wa mwanao siutilii shaka, lakini naomba usiuze kwanza. Pangisha nyumba, mwende Bagamoyo mkae mpaka masika moja ipite, mwone maisha na mkwe na wajukuu yanavyokwenda, na hospitali ilivyo mbali au karibu. Mtu akiwa na pa kurudi hukaa kwa mwanawe kwa furaha zaidi. Mama naye aulizwe peke yake, si mbele ya mtoto, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Baada ya muda huo mkiamua wote wawili kuuza, fedha zitakazoingia katika ujenzi ziandikwe mbele ya wakili, na majina yenu yawemo katika hati ya kiwanja hicho. Mwambie mwanao hili mapema, kabla hajaweka bati.