Meza ya msonobari inayokataa kuwa nyeusi

Ndugu, kwa kuwa umeipaka meza yako ya msonobari rangi ya mbao mara tatu nayo ikabaki kahawia, nashuku uliisugua mno, maana msasa laini kupita namba 150 huifanya mbao isinywe rangi vizuri. Isugue upya kwa namba 120, kisha uipake chai ya rangi iliyokolea, isiyo na sukari. Ikikauka, ipake siki iliyolowekwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria (zile zinazoshika kutu) kwa siku kadhaa, kwani chuma kikikutana na tanini ya chai (kile kinachoipa chai ukakasi), mbao hugeuka nyeusi. Chombo cha siki usikifunike kwa kukaza, kwa sababu hutoa gesi. Jaribu kwanza uvunguni. Kama meza ina rangi ya mafuta ya zamani, huenda rangi hiyo ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, basi usiisugue mwenyewe. Mwachie fundi mwenye vifaa aiondoe.