Jioni moja kwenye matao ya mawe ya Moab: kamba itumieni ukutani, matao muende kwa miguu

Ndugu mleta uzi, umesema mtakuwa Moab, Utah, kule Marekani, mwezi Oktoba, kikundi cha marafiki kutoka Nairobi. Mna jioni moja tu, na mnataka kupanda matao ya huko, yaani miamba iliyotobolewa na maumbile ikabaki kama daraja, kwa kamba kama tunavyopanda mnara wa jiwe wa Fischer's Tower kule Hell's Gate, Naivasha. Pia mna mwenzenu mmoja asiyepanda kabisa. Nimeshafika huko na wenzangu ninaopanda nao kwenye miamba ya Lukenya, karibu na Nairobi, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona.

Matao yenyewe msiyapande. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arches, iliyo jirani na Moab, ni marufuku kupanda tao lolote lenye jina kwenye ramani. Sheria hiyo ilikazwa mwaka 2006 baada ya Dean Potter, mpandaji maarufu wa Marekani, kupanda tao la Delicate Arch. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Yale ni mawe ya mchanga, na bado yanaendelea kubomoka. Mwaka 1991 bamba la jiwe lenye urefu wa mita 18 hivi lilimeguka kutoka Landscape Arch, tao lililo kwenye njia ya miguu ya Devils Garden, na watu waliokuwa wamepumzika chini yake ikabidi watimue mbio. Mwaka 2008 Wall Arch, lililokuwa kwenye njia hiyo hiyo, lilianguka lote usiku. Sisi tumezoea Fischer's Tower, mabaki ya volkano, mwamba uliosimama imara, na Lukenya kuna jiwe gumu la kale ambalo ukishika ukingo wake unajua umeshika. Kule ni kitu kingine kabisa.

Lakini mnaweza kupanda na kuona tao jioni hiyo hiyo, bila hata kuingia hifadhini. Tokeni Moab kuelekea kaskazini, mkiona Potash Road ingieni kushoto. Barabara inafuata Mto Colorado, na baada ya kilomita chache mtafika mahali panapoitwa Wall Street. Ni ukuta mrefu wa jiwe jekundu uliosimama kando ya lami. Mnaegesha, mnatoa kamba, na baada ya hatua chache mko chini ya mwamba. Ng'ambo ya barabara mto unapita, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Asubuhi ukuta unapigwa na jua, alasiri unakuwa kivulini, ndiyo maana nasema fikeni kama saa tisa. Njia nyingi za kupandia zina nanga juu, yaani vyuma vilivyokazwa mwambani vya kupitishia kamba, kwa hiyo aliye na uzoefu atangulie, kisha wengine wapande huku kamba ikiwa imepitishwa kwenye nanga hizo na mwenzao akiishika kutoka chini. Anayeshika kamba asirudi nyuma mpaka barabarani, maana magari hupita kwa kasi.

Sasa kuhusu jiwe lenyewe. Pitisha kiganja juu yake taratibu, utaona chembe za mchanga zimebaki mkononi, nyekundu, laini kuliko unavyotarajia. Sehemu nyingi hakuna pa kushika. Unaweka soli ya kiatu kwenye mteremko, unashusha kisigino, unasimama, na msuguano wa mpira ndio unaokubeba. Mwenzetu mmoja, mwalimu, mtu anayepita nyufa za Lukenya bila kutoa jasho, alikaa pale mita tatu kutoka chini akitafuta kishikio ambacho hakipo. Alipokubali kuiamini miguu alipanda mpaka juu bila kusimama, na furaha yake tuliisikia sote chini.

Kuna jambo moja ambalo sitaki mlichukulie kirahisi. Kama mvua imenyesha, msipande. Kinachoshikanisha chembe za jiwe lile hulegea likilowa, na unyevu hubaki ndani hata uso ukionekana mkavu. Wenyeji husubiri siku moja mpaka tatu. Mkipanda kabla, vishikio vitavunjika, mtaumia, na mtakuwa mmeiharibu njia ambayo haitarudi tena. Vilevile mawingu mazito yakionekana hata kwa mbali, msiingie kwenye makorongo membamba. Sisi wa Nairobi hatuna haja ya kuelezwa hilo baada ya Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yalipoua watu saba kwenye korongo la Hell's Gate.

Kama saa kumi na nusu hivi fungeni kamba, mziache garini, muendelee na barabara ile ile mpaka mwanzo wa njia ya miguu iendayo kwenye tao liitwalo Corona Arch. Hapo ndipo yule mwenzenu asiyepanda atafurahi kuliko nyote. Njia ni kama kilomita mbili na nusu kwenda, hakuna kiingilio. Mnapanda kidogo, mnavuka reli, kisha mnatokea kwenye jiwe tupu ambalo halina kivuli wala alama zaidi ya marundo madogo ya mawe yaliyopangwa kuonyesha njia. Kuna mahali mwinuko unakaza, wakafunga waya wa kushikilia na kuchonga vidato vya miguu kwenye jiwe, halafu mbele kidogo kuna ngazi fupi ya chuma. Anayeogopa kimo atangulizwe na mtu mtulivu, mwingine awe nyuma yake, wala msimharakishe.

Kabla ya Corona mtapita Bowtie Arch. Hili wengi wanalipita kwa sababu wameshaliona lile kubwa mbele. Simameni chini yake mtazame juu. Kule juu maji ya mvua yalikuwa yakituama na kuchimba shimo, huku chini pango likizidi kuingia ndani, mpaka siku shimo na pango vikakutana. Unaona mbingu kupitia tundu kwenye jiwe, na michirizi ya maji imeacha mistari myeusi ukutani. Mimi hapo nilikaa muda mrefu kuliko kwenye Corona.

Corona lenyewe lina upana wa mita 43 na kimo cha mita 32 hivi, unapita chini yake ukiwa kama sisimizi. Zamani watu walifunga kamba juu wakabembea. Mwaka 2013 kijana mmoja alikufa kwa sababu kamba ilikuwa ndefu mno, na 2015 michezo hiyo ikapigwa marufuku. Msikubali mtu yeyote awashawishi.

Kuhusu muda, kwetu jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, tofauti haizidi nusu saa hivi, kwa hiyo hatuna mazoea ya kuuliza. Kule mwezi Juni linazama saa tatu kasorobo usiku, na katikati ya Oktoba saa moja kasorobo. Angalieni tarehe yenu kamili. Kila mtu awe na tochi ya kichwani, si ya simu, maana kwenye waya mnahitaji mikono yote miwili. Kushuka gizani yale marundo ya mawe hayaonekani kwa urahisi, kwa hiyo mtu wa mbele asimame kwenye rundo moja mpaka aone la pili.

Maji bebeni angalau lita mbili kila mtu. Moab iko chini kuliko Nairobi, karibu mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo pumzi haitawasumbua, ila hewa ni kavu mno na kiu inakuja umeshachelewa. Jaketi pia, baridi inashuka haraka jua likitoweka. Mkitoka kwenye njia msikanyage udongo wenye ukoko mweusi wenye vinundu. Ule ni hai, unazuia mchanga usipeperuke, na alama ya kiatu hubaki miaka mingi.

Matatu hakuna, lazima mkodi gari. Kama mnapenda mahema, kambi ziko kando ya barabara hiyo hiyo ya mtoni. Na kama mna wikendi kabla ya kusafiri, njooni Lukenya mfanye mazoezi kwenye mabamba yasiyo na vishikio, nyufa muachane nazo kwa sasa. Niandikie hapa tarehe zenu, tutapanga.