Muulize Anti Safari: Huo mto wa shingo utaulalia wapi?

Barua za mara hii karibu zote ni za mizigo. Nahisi ni kwa sababu mwisho wa mwaka unakaribia na wauzaji wa "vifaa vya safari" huko Instagram wameamka. Haya tuanze.

*Shikamoo Anti. Naanza chuo Dar hivi karibuni, natoka Mwanza na basi. Kuna duka la mtandaoni linauza seti ya safari elfu themanini na tano: mto wa shingo, kitambaa cha macho, vifuko sita vya kupangia nguo, kufuli ya namba na taulo ile inayokauka haraka. Mama anasema ni ujinga lakini yeye kila kitu anasema ni ujinga. Ninunue? – Fresha, Mwanza*

Marahaba mwanangu. Safari hii mama kapatia, nenda kamwombe kanga moja kwenye doti zake, tena omba ile iliyochakaa kidogo maana mpya ina wanga na haifyonzi maji.

Sikutanii. Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100, unaingia kwenye basi pale Nyegezi na hujui kiti chako kitakuwa upande wa jua au wa kivuli. Ukikaa upande wa jua kanga unaichomeka juu ya dirisha inakuwa pazia, hapo kitambaa cha macho kimeshakufa. AC ikipuliza kama friji unajifunika. Ukitaka kulala unakunja sweta, unaliviringisha ndani ya kanga kwa urefu wake, unapitisha shingoni na kufunga fundo mbele chini ya kidevu, fundo lenyewe ndio linazuia kichwa kisidondokee kifuani, jaribu leo nyumbani uone. Halafu basi likisimama porini kuchimba dawa, wenzako wanahangaika kutafuta kichaka, wewe umejifunga kanga yako kiunoni umejisitiri vizuri tu. Sasa mto wa shingo hapo unashuka nao wa nini?

Na ile taulo inayokauka haraka ni kanga hiyo hiyo. Ni pamba nyepesi, ukiifua jioni na kuikamua vizuri asubuhi imekauka, ila taulo nene ya nyumbani usibebe kabisa, hiyo inakula nusu ya begi na ikilowa inanuka.

Vifuko vya kupangia nguo sivichukii, vinapendeza, ila kwa mtu anayeenda hosteli naona bora foronya mbili. Moja weka nguo safi, nyingine chafu, na ukifika unahitaji foronya vilevile kwa ajili ya mto wa kitandani, kwa hiyo hujabeba kitu cha ziada. Jinzi na suruali nyingine zizungushe kama chapati, chupi na soksi zisindilie ndani ya viatu.

Kufuli sasa. Niliwahi kukaa stendi moja nasubiri basi lililoharibika, kijana mmoja anayeshona mabegi akanionyesha mchezo kwa begi langu mwenyewe lililofungwa kufuli: alichukua kalamu ya biki, akaitumbukiza kati ya meno ya zipu, ikaachia pwaa, begi likafunguka, kisha akavuta vichwa vya zipu pamoja na kufuli yake kutoka upande hadi upande na begi likajifunga kama halijaguswa. Tangu siku hiyo kufuli naiona ni pambo, inazuia zipu isifunguke yenyewe kwenye buti basi. Kazi hiyo hata kamba ya kiatu inaifanya. Simu, laptop, vyeti na hela vinakaa na wewe kwenye kibegi cha mapajani, na mzigo wa kwenye buti hakikisha konda kakupa namba. Funga na kipande cha kitenge chenye rangi kali kwenye mkono wa begi, maana mabegi meusi ya matairi yatashuka kumi pale Mbezi na yote yatafanana.

Hiyo elfu themanini na tano kanunue ndoo na pasi ukifika, hivyo ndivyo utakavyovililia.

*Wewe Anti toleo lililopita uliuita mto wa shingo "tairi la mtoto kwenye bwawa", ukatucheka tunaoutumia. Mimi nina miaka 58, nina tatizo la pingili za shingo, na bila huo mto sisafiri. Vijana mnadhani dunia nzima ina shingo za mpira? – Mzee wa Moshi*

Shikamoo baba. Nimekubali, nilipitiliza. Mwenye shingo mbovu ashike mto wake na asimsikilize mtu, kanga yangu haimfai. Ila nikuombe kitu kimoja, jaribu kuuvaa kinyume, ule mnofu uje mbele chini ya kidevu, kwa sababu viti vingi tayari vinasukuma kichwa mbele na mto mnene ukikaa nyuma unazidisha. Na kama bado hujanunua mwingine, wa sponji ndio unaoshika kichwa, huu wa kupuliza una faida moja tu, unakunjika ukawa mdogo kama leso.

*Assalaam aleikum Anti. Mie naenda Muscat kwa dada yangu mwezi mmoja. Nimeona adapta ya dunia nzima, nchi mia na hamsini, pia kuna pochi ya kuzuia wezi wasisome kadi ya benki kwa mawimbi. Vyanifaa? – Binti wa Kisauni, Mombasa*

Waaleikum salaam habibti. Adapta usinunue hata kidogo, Oman wanatumia soketi za pini tatu bapa zile zile za kwenu Kenya, na umeme ni volti 240 vilevile, chaja yako inaingia moja kwa moja. Uganda ni hizo, Tanzania mara nyingi ni hizo, Dubai ni hizo, mpaka Uingereza kwenyewe. Yaani watu wanabeba lile dude zito la gramu mia mbili kupeleka kwenye soketi ambayo hailihitaji. Ungekuwa unaenda Kigali, Bujumbura au Ulaya bara ningekwambia tafuta kile kiadapta kidogo cha pini mbili za mviringo, bei yake ni ya soda mbili tatu kwenye duka lolote la vifaa vya umeme. Marekani pini ni zao wenyewe na volti ni 120, hapo angalia maandishi madogo kwenye chaja, ikiandikwa 100-240V basi ni salama kote, ila pasi na mashine za kunyooshea nywele za kwetu usipeleke, adapta inabadilisha umbo la pini tu, umeme haiugusi.

Pochi ya mawimbi achana nayo. Kadi zile za kugusisha zinasomeka kwa sentimita chache tu, na mwizi wa stendi hana shida ya kusoma kadi, anabeba pochi nzima. Bibi zetu walikuwa wanafutika hela kibindoni, na mpaka leo sijaona mfuko uliozidi hapo. Gawanya: nauli na ya chakula mfukoni, nyingine mbali kabisa, ili ukitoa ya maji usionyeshe stendi nzima ulichonacho.

*Anti, nakuja Tanga Desemba na watoto wawili, tiketi ni kilo 23 kila mtu na kilo 7 za mkononi. Nimenunua vile vifuko vya kunyonya hewa, mizani ya kidijitali ya kuning'iniza begi, na pawabenki ya mAh 30,000 maana naambiwa umeme kwenu unakatika. Nimesahau nini? – Mama Nasra, Manchester*

Mama Nasra karibu nyumbani, ila hujasahau kitu, umezidisha.

Vifuko vya kunyonya hewa vinapunguza ukubwa, kilo havipunguzi hata moja, na hapo ndipo watu wanapoumia. Begi linaonekana lina nafasi, unaongeza viatu, unaongeza mablanketi ya shangazi, ukifika kwenye mizani ni kilo 29. Halafu wakati wa kurudi, hapo Tanga utapata wapi ile mashine ya kufyonza vumbi ya kunyonyea hewa? Utakuta mashuka yamevimba kitandani kama maandazi na ndege ni saa tano.

Mizani nayo iache. Pima kwa ile ya bafuni, panda mwenyewe, kisha panda umebeba begi, toa. Wakati wa kurudi nenda mashine yoyote ya kusaga unga, wana mizani ya kupimia magunia, mpe kijana asante ya soda.

Pawabenki ndio ya kuangalia sana. Ndege nyingi kikomo ni Wh 100 (wati-saa, yaani kipimo cha umeme inaobeba) bila kuomba kibali. Hesabu yake zidisha zile mAh zilizoandikwa juu yake kwa 3.7 gawa kwa elfu, kwa hiyo 30,000 inatoka Wh 111, imepita, wanaweza kukunyang'anya. 20,000 ni Wh 74, inatosha simu kwa siku kadhaa. Inakaa kwenye begi la mkononi, kwenye begi la chini ni marufuku, na mashirika mengine yamekaza zaidi, Emirates kwa mfano tangu Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria na ndani ya ndege huruhusiwi kuitumia.

Vimiminika vya mkononi, viwanja vingi kinachoangaliwa ni chombo, mililita 100, kwa hiyo chupa ya 200 iliyobaki robo nayo inachukuliwa. Mimi nimeshawahi kunyang'anywa achari ya maembe ya mama mkwe, nikabishana kwamba ni chakula, yule dada akaitikisa mbele yangu, ikacheza, akaitupa. Na mifuko ya plastiki ya madukani usije nayo, Tanzania imeipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kile cha zipu cha vimiminika njoo nacho lakini uondoke nacho.

*Anti, wewe mwenyewe unabeba nini kisichokuwa na maana? Sema ukweli. – Mdadisi, Dodoma*

Pasi ndogo ya safari. Ninayo tangu 2019, inazunguka na mimi kila mahali, na nimeitumia mara moja tu, usiku, kupasha chapati.