Kebo kuwa na kampuni moja tu si suala la ufundi, ni uamuzi wa kisheria

Mkuu mleta uzi, umeuliza kwa nini huko Marekani ulikohamia kebo ya mtaa mzima, yaani waya wa televisheni unaopitisha pia intaneti, ina kampuni moja tu ya intaneti. Waliokujibu wanasema kitaalamu haiwezekani kuwa na zaidi ya moja. Nawapinga. Suala hili lilipopamba moto nilikuwa Portland, Oregon, napokea simu za wateja kwenye kampuni ndogo ya intaneti.

Enzi hizo intaneti ilipita kwenye laini ya simu. Ulipiga namba ya kampuni yoyote uitakayo na mwenye laini hakuwa na la kusema, ndiyo maana kampuni ndogo kama yetu zilijaa kila mji. Kebo ilikuja na kasi kubwa, ila mwenye waya ndiye aliyechagua nani auze intaneti humo. Mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alitaka kebo lakini abaki na sisi, maana barua pepe yake ndiyo iliyojulikana na ndugu zake wote. Nikamweleza kwamba atalipa mara mbili: kwa wenye kebo, halafu kwetu. Akafunga akaunti. Simu za namna hiyo hazikukoma.

Mji wa Portland ulijaribu. AT&T, kampuni kubwa ya simu, ilipokuwa inainunua TCI, kampuni ya kebo, mwishoni mwa 1998, mji ulitoa sharti kwamba kebo ifunguliwe kwa kampuni nyingine za intaneti. AT&T ikaenda mahakamani. Mwaka 1999 jaji aliupa mji ushindi, lakini 2000 mahakama ya rufaa ikasema mji hauna mamlaka hayo. Mwaka 2002 FCC, tume ya mawasiliano, ikaiweka intaneti ya kebo kwenye kundi la huduma ya habari, lisilobanwa na wajibu waliokuwa nao watu wa simu wa kupitisha kampuni nyingine. Brand X, kampuni ndogo ya Santa Monica, ilipinga hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ikashindwa Juni 2005 kwa kura 6 kwa 3. Majaji hawakusema kufunga kebo ni jambo jema. Walisema sheria ina utata, na FCC ina haki ya kuitafsiri; kanuni hiyo ya kuiachia tume tafsiri, Mahakama hiyohiyo iliifuta 2024.

Wenye kebo wana hoja moja ninayoiheshimu: nyaya walizitandaza kwa fedha zao. Lakini hoja ya ufundi haisimami. AOL, kampuni ya intaneti, na Time Warner, wenye kebo, walipoungana, serikali iliwalazimisha kuipitisha EarthLink, kampuni nyingine ya intaneti, kwenye kebo yao, na ikapita. Kanada nayo iliamuru kebo ziuzwe kwa jumla kwa kampuni ndogo; jimbo la Ontario utakuta mteja wa TekSavvy, kampuni ndogo, anatumia kebo ya Rogers, kampuni kubwa.

Kuhusu barua unayotaka kuwaandikia madiwani wa mji wako: kwa hili hawatakusaidia sana. Mwandikie mbunge wako wa Congress, bunge la Marekani, na nakala ipelekee FCC.