Kabla hujapaka choa tyubu nyingine ya dawa, ngozi hiyo ikwanguliwe kwanza

Juma lililopita, nikiwa nachekecha unga wa hina nyumbani kwangu Ngamiani, nilipokea ujumbe wa binti mmoja wa Pongwe ambaye ataolewa baada ya wiki tatu. Aliambatanisha picha ya mkono wake: duara la ukubwa wa kikombe cha kahawa, ukingo wake umeinuka na kutoa magamba, katikati pametulia kana kwamba hapajaguswa. Chini ya picha aliandika, "Shikamoo shangazi. Naomba unitajie ile tyubu inayokausha haraka, maana naona haya kukukabidhi mkono huu." Nilimwitikia marahaba, lakini jina la tyubu sikumpa, kwa sababu tyubu ya kukausha haraka ndiyo iliyonila mimi miezi kumi na mmoja.

Nimepaka hina na piko katika mji huu wa Tanga kwa miaka ishirini na miwili, na nawaandikia hasa wapambaji wenzangu, ambao najua kila mmoja wenu anataka siku moja aitwe kwenye harusi kubwa na alipwe bila kubembeleza. Mkono wetu ndio duka letu. Choa changu, yaani fangasi wa ngozi wanaochora duara kama lile la binti, kilianzia ndani ya mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, mwishoni mwa Ramadhani, na hapo Mfunguo Mosi ulikuwa unakaribia, mwezi ambao kila mtaa una ngoma na kila nyumba ina mwari. Sikuwa na nafasi ya kuugua. Nikaenda dukani, nikasema nina fangasi, nikapewa nistatini, nikapaka kwa bidii wiki nzima bila kuona tofauti.

Baadaye sana ndipo nilipoelezwa kwamba kosa halikuwa la dawa yenyewe. Nistatini, iliyogunduliwa na wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, na kutangazwa mwaka 1950, ni dawa nzuri ya kandida, yaani fangasi wa jamii ya hamira wanaoleta utando mweupe mdomoni na muwasho ukeni. Fangasi wa choa ni ukoo mwingine: wao huishi kwa kula keratini, ile protini inayojenga tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha, na nistatini haiwashughulikii. Neno "fangasi" tunalolitupa kaunta kama vile ni ugonjwa mmoja lina watu wengi ndani yake.

Kutoka dukani nilikwenda kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja. Tabibu aliniuliza kazi yangu, nikamjibu kwa majivuno kwamba napaka piko, naye papo hapo akasema ni mzio. Simlaumu kwa kufikiri hivyo, kwa kuwa rangi nyeusi ya nywele tunayoitumia kwenye piko ina kemikali inayojulikana kuwababua watu, nami nimewaona maharusi waliovimba mikono. Ninachomlaumu mpaka leo ni kwamba hakuinuka kitini kuutazama mkono karibu. Aliniandikia betamethasoni ya kupaka, na kwa siku tatu za mwanzo nilimwombea dua, kwa sababu muwasho ulikoma na wekundu ukafifia.

Betamethasoni ni steroidi. Huituliza ngozi kwa kuzinyamazisha kinga zake, na kinga zikinyamaza, fangasi hupata karamu bila mlinzi mlangoni. Duara langu lilipoteza ukingo wake, likawa doa lisilo na umbo, likapanda juu ya kiwiko, likatokea na ubavuni. Kila nilipoacha dawa muwasho ulirudi mkali zaidi, nami nikaamini kwamba mwili unaidai dawa. Madaktari wa Uingereza walieleza hali hii tangu mwaka 1968 na kuipa jina la Kilatini lenye maana ya choa kisichotambulika. Mimi nilikuwa sijui hata Kiswahili chake. Nikajinunulia mwenyewe tyubu ya mchanganyiko, ile yenye steroidi, dawa ya fangasi na antibaotiki kwa pamoja, ambayo kila duka inayo na kila mtu anaisifu, na nikapaka hadi nikapoteza hesabu ya tyubu.

Katika miezi hiyo nilifedheheka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Makorora, kwenye nyumba ya harusi, pale mkono wa buibui uliponipanda na mama wa mwari akaliona doa. Hakusema neno. Alilichukua bakuli la hina mbele yangu, taratibu, akampa msichana niliyemfundisha mwenyewe. Mara ya pili ilikuwa nyumbani, wifi yangu alipoanza kutundika taulo la watoto kwenye msumari wa peke yake na kuniambia nisilishike. Nililia usiku ule. Nalazimika kukiri, ingawa bado naona uchungu kuandika, kwamba wifi alikuwa sahihi, maana choa huambukiza kwa kugusana na kwa kushirikiana taulo, kanga na chanuo. Angeweza tu kulisema kwa upole zaidi.

Niliyemshukuru hatimaye ni daktari wa ngozi aliyesomea Moshi, katika hospitali ya KCMC, ambako kuna kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu miaka ya 1990. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuniamuru niache kila cha kupaka kwa wiki mbili kisha nirudi, akanionya kwamba ngozi itawaka kabla ya kutulia, na kweli iliwaka. Niliporudi, mtu wa maabara aliufuta mkono kwa spiriti, akachukua kisu butu na kukwangua magamba ukingoni mwa doa. Nilimwonyesha katikati, mahali palipokuwa pakiniwasha, akatikisa kichwa, kwa sababu fangasi walio hai hukaa ukingoni ambako doa linaendelea kutambaa. Magamba yalianguka juu ya kipande cha kioo kama unga wa muhogo. Akayadondoshea haidroksaidi ya potasiamu, ambayo huyeyusha keratini na kuwaacha fangasi wakiwa wazi, akafunika kwa kioo kingine, tukasubiri kiasi cha robo saa.

Nilimwomba aniruhusu kutazama, akaniruhusu. Kwenye hadubini niliona nyuzi nyembamba, angavu, zenye matawi, zikikatiza vipande vya ngozi kama ua la hina lililochorwa na mwanafunzi asiyejua bado kunyoosha mkono. Basi ndiyo hiyo. Kipimo hicho kilinigharimu fedha pungufu ya bei ya tyubu tatu. Daktari alinieleza pia kwamba hadubini inaweza kukosa kuwaona fangasi waliomo, na hapo magamba huoteshwa kwenye chakula maalumu cha maabara, jambo linaloweza kuchukua hadi wiki nne, ila mimi sikufika huko.

Aliuliza ni nani nyumbani mwenye mapunye, yaani choa cha kichwani. Nikasema hakuna, kisha nikanyamaza, kwa kuwa nilimkumbuka mjukuu wangu wa miaka mitano, mwenye mabaka mawili ya upara ambayo sote tulisema kinyozi amemkwaruza. Mtoto yule hulala kila jioni kichwa chake kikiwa juu ya mkono wangu wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko.

Sote wawili tulitibiwa siku moja, kwani kumtibu mmoja ni kuteka maji kwa pakacha. Mimi, kwa vile doa lilishasambaa, nilipimwa damu kuangalia ini, kisha nikapewa vidonge vya tabinafini vya miligramu 250, kimoja kwa siku kwa wiki nne, pamoja na klotrimazoli ya kupaka. Mtoto alipewa griseofulvini kwa wiki nane, kwa sababu mapunye yamo ndani ya shina la unywele na dawa ya kupaka peke yake haifiki huko. Dawa hiyo hunyonywa vizuri zaidi ikifuatana na chakula chenye mafuta, na katika nyumba ya Tanga isiyokosa tui hilo halikutupa taabu. Chanuo zilichemshwa, shuka zikafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, na kinyozi akaambiwa asafishe mashine yake, akanuna.

Kwa hiyo, wenzangu, kwanguliweni kwanza. Msiseme "nipe ya fangasi" mbele ya kaunta. Mkiandikiwa dawa ya kupaka, ulizeni kama ina steroidi, na kama inayo, ulizeni kwa nini. Kwa choa kidogo kimoja klotrimazoli ya kawaida mara nyingi hutosha, mradi upake mara mbili kwa siku, upite ukingo wa doa, na uendelee wiki moja au mbili hata baada ya ngozi kutakata, kwa sababu wengi wetu huacha siku muwasho unapokoma. Mjamzito asimeze kidonge cha fangasi bila daktari kujua hali yake. Na mjukuu mwenye upara mtazameni kichwa kabla ya kumsingizia kinyozi. Nayasema haya kwa ukali kwa sababu kwenye kunjo la kiwiko changu imebaki michirizi mitatu myeupe, alama ya ngozi iliyokondeshwa na steroidi, ambayo nimeambiwa haitaondoka.

Binti wa Pongwe alikwenda kukwanguliwa juzi, na majibu yake ni choa. Amepewa klotrimazoli. Jana aliniuliza, kwa herufi kubwa, "NA HARUSI JE SHANGAZI?" Nimemjibu kwamba nitakuja mwenyewe, na safari hii hina nitampaka miguuni tu.