Maswali Yenu: Chuo kipo Pasifiki, konferensi ya Atlantiki?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mpwa wangu anakimbia 5,000, kapata skolashipu California, sasa anatuambia timu yao iko konferensi ya Pwani ya Atlantiki, ile ACC. Ramani naijua jamani, California iko Pasifiki! Babu yake anasema agenti katuuzia chuo hewa. Tumepigwa? (Mama mdogo, Babati)

JIBU: Marahaba mama mdogo. Kwa hilo la ramani hamjapigwa, konferensi ni kundi tu la vyuo vinavyoshindana pamoja, ila angalia barua, chuo kiwe Stanford au kile cha Berkeley, maana kwa California ni hao wawili tu walioko ACC. Zamani walikuwa Pac-12, konferensi ya upande wa Pasifiki, pamoja na majirani zao wa magharibi, ikaja vita ya hela za TV, mpira wao wa Kimarekani, ule wa kushika mikononi, ndio unaleta mamilioni, basi vyuo vya USC, UCLA, Oregon na Washington vikahamia konferensi ya Big Ten, wengine wanne wakaenda ile ya Big 12, Stanford na Berkeley wakaangukia ACC, na kufika 2024 Pac-12 ikabaki na timu mbili! Mojawapo Washington State, chuo alichokuwa Henry Rono wa Kenya mwaka 1978 alipovunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81. Yaani historia yote ile na bado wakaachwa kwenye mataa. Na hiyo Big Ten, yaani Kumi Kubwa, sasa ina timu 18, hesabu walisomea wapi mi sijui.

Kijana hatashinda kwenye ndege kwenda Atlantiki, wakimbiaji wa mbio za nyika wana mashindano machache na ya konferensi ni mara moja kwa msimu. Wanaoumia ni watu wa voliboli, mechi kila wiki.

Kuhusu agenti, muulize analipwaje. Kanuni za NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, zinamruhusu kuchukua ada ya kusambaza taarifa za mwanariadha vyuoni, lakini akidai mgao kwa sababu skolashipu imepatikana, kijana anaweza kukosa sifa ya kushindana. Hapo ndipo pa kuogopa, sio ramani.

SWALI: Mhariri, Edward Cheserek alibeba mataji 17 ya NCAA halafu timu inaitwa Bata?? Hawakuona simba? (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Simba wapo, chui wapo, wamejaa tele, ndo maana bata anakumbukwa haha. Maskoti, yaani kinyago cha timu, ya Oregon, chuo cha Cheserek, inafanana na Donald Duck na sio bahati mbaya, walikubaliana na Walt Disney mwenyewe miaka ya 1940. Stanford nao uwanjani anacheza mtu kavaa mti. Suleiman Nyambui wetu alikuwa chuo cha UTEP kule Texas, timu yao inaitwa Wachimba Madini, na alirudi na medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980 bila kuhitaji jina la mnyama mkali.

SWALI: Ukishinda konferensi unaenda fainali za taifa moja kwa moja? (Kocha wa sekondari, Iten)

JIBU: Kwa nyika hapana kocha. Kuna kanda 9, timu mbili za juu kila kanda zinapita, zingine zinachaguliwa kwa matokeo ya msimu. Na kanda bado zinafuata ramani, kwa hiyo Stanford wa Atlantiki anarudi kugombania nafasi huko huko magharibi na Oregon wa Big Ten.